Luxor: gololi nyingi, Misri kidogo

Hebu kumbuka kompyuta ya kwanza uliyoruhusiwa kuigusa bila mtu mzima kusimama nyuma yako. Ya nyumbani kwetu ilikuwa na skrini yenye kisogo kirefu, ile ambayo ukiizima inabaki inatoa joto kama jiko. Ndani yake kulikuwa na barua za mzee, karata za Solitaire, na gemu moja tu iliyotufanya mimi na mdogo wangu tugombee kiti: Luxor.

Kama hukuwahi kuicheza, nakueleza haraka. Mnyororo wa gololi za rangi mbalimbali unatokea pembeni mwa skrini na kutambaa kwenye njia iliyojikunjakunja kama utumbo. Nyuma yake kuna mdudu anayeusukuma. Mwisho wa njia kuna piramidi. Wewe uko chini kabisa, umepewa chombo chenye umbo la mdudu mwenye mabawa, unakisogeza kushoto na kulia kwa kipanya, na unarusha gololi moja moja kuelekea juu. Ukikutanisha tatu au zaidi za rangi moja, zinapasuka. Gololi zikiingia kwenye piramidi kabla hujazimaliza, umekwisha.

Basi. Hiyo ndiyo gemu nzima. Na bado kuna watu wazima wenye shahada waliochelewa kulala kwa ajili yake, mmojawapo ndiye anayekuandikia hapa.

Mwezi uliopita niliicheza tena kwa wiki nzima, nikijiambia kwamba ni utafiti. Nilitaka kujua kama bado ni nzuri au ni utoto tu ulionidanganya. Jibu langu ni kwamba kama mashine, ni nzuri kweli kweli, nzuri kuliko nilivyokumbuka. Kama Misri, ni maskini. Na kuhusu rangi, kitu ambacho gemu yote imesimama juu yake, haikufikiri sana. Nitaanza na sifa, maana ni deni.

Luxor ilitolewa mwaka 2005 na MumboJumbo, kampuni ya Dallas, Texas. Haikuwa ya kwanza ya aina yake. Mwaka 1998 kampuni ya Mitchell ya Japani ilitoa Puzz Loop, gemu ya mashine za sarafu, na humo tayari kulikuwa na mnyororo wa gololi, njia inayozunguka na sheria ya tatu tatu. Mwaka 2003 PopCap wakatoa Zuma, wakaweka chura wa mawe katikati ya skrini na mapambo yanayoigiza Marekani ya Kati ya kale. Luxor ikaja na Misri. Ukiyaona hayo matatu kwa mpangilio, unaanza kushuku jambo nitakalolirudia baadaye: kwamba nchi ya kale ilichaguliwa kama mtu anavyochagua kitambaa cha meza.

Lakini Luxor ilibadilisha kitu kimoja ambacho ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Chura wa Zuma amekaa mahali pamoja na kugeuka. Chombo cha Luxor hakigeuki, kinateleza kwenye mstari ulio chini ya skrini, na kila gololi inakwenda juu wima. Maana yake swali linalokujia si "nielekee wapi?" bali "nisimame wapi, na lini?" Na hapo ndipo fizikia ya kidato cha pili inapoingia bila kubisha hodi.

Tuseme mnyororo unapita umbali wa vidoti 600 juu yako, gololi yako inakwenda vidoti 1,200 kwa sekunde, na mnyororo unatambaa vidoti 40 kwa sekunde. (Namba nimezibuni ili hesabu iwe nyepesi.) Gololi itachukua nusu sekunde kufika. Ndani ya nusu sekunde hiyo, mahali ulipolenga patakuwa pamesogea vidoti 20, ambavyo vinatosha kukuangusha kwenye rangi ya jirani. Kwa hiyo hulengi gololi unayoiona, unalenga mahali itakapokuwa. Na kwa kuwa njia imejikunja, sehemu moja ya mnyororo iko karibu na wewe na nyingine iko mbali, moja inakwenda kushoto na nyingine kulia, yaani kila mkunjo una hesabu yake. Hakuna anayepiga hesabu hiyo kwa kalamu. Mkono unajifunza wenyewe, kama unavyojifunza kumrushia mwenzako mpira akiwa anakimbia. Mwindaji mwenye mkuki na kipa wanaifanya kila siku. Gemu imeichukua ikaiweka kwenye kidole kimoja.

Jambo la pili la kusifu ni pengo. Ukipasua kundi lililo katikati ya mnyororo, sehemu ya mbele inasimama, na ile ya nyuma inaendelea kusukumwa. Kama gololi mbili za kingo za pengo zina rangi moja, zinavutana, na zikiwa tatu au zaidi kwa jumla nazo zinapasuka, na pengo jipya linazaliwa. Mara nyingine kitu kizima kinaporomoka chenyewe huku wewe umekaa tu unatabasamu kama umefanya kazi.

Je, hiyo ni bahati au ujuzi? Hebu tuhesabu. Chukulia rangi zimemwagwa ovyo, bila mpango. Umepasua kundi la nyekundu. Gololi iliyobaki upande wa kushoto wa pengo haiwezi kuwa nyekundu, kwa sababu ingekuwa nyekundu ingepasuka na wenzake. Ya kulia vivyo hivyo. Rangi zikiwa nne, kila upande umebakiwa na rangi tatu zinazowezekana, kwa hiyo uwezekano wa pande mbili kufanana ni 1 kwa 3. Rangi zikiwa saba, ni 1 kwa 6. Unaona ujanja? Ukitaka gemu iwe ngumu huhitaji kuongeza kasi. Ongeza rangi moja tu na umempunguzia mchezaji bahati katika kila pengo, bila yeye kujua kwamba umemnyang'anya kitu. Anahisi tu kwamba leo mambo hayaendi. Mchezaji mzuri anajibu kwa kuacha kutegemea bahati: anaangalia kingo kwanza, kisha anapasua kilicho katikati. Kitendo ni kilekile, ila sasa amekipanga.

Hii ndiyo sababu nasema ni mashine nzuri. Sheria mbili, namba moja ya kuongeza au kupunguza, na tayari una mchezo unaomfaa mtoto wa miaka sita na profesa aliyechoka kusahihisha mitihani. Iweke kumbukumbu hiyo namba ya rangi, tutaihitaji tena.

Sasa Misri.

Jina lenyewe linaanza na kosa dogo. Luxor ni mji halisi, uko kando ya Nile kusini mwa Misri, mahali ulipokuwa mji wa kale wa Thebe. Jina ni Kiarabu, al-Uqsur, yaani majumba au ngome. Kuna mahekalu ya Karnak na Luxor upande wa mashariki wa mto, na Bonde la Wafalme upande wa magharibi. Piramidi zile unazozijua hazipo huko. Ziko Giza na Saqqara, karibu na Cairo, kaskazini kwa karibu kilomita 500. Wafalme waliozikwa Luxor, Tutankhamun akiwa mmoja wao, walichimbiwa makaburi ndani ya mwamba, na zilikuwa zimepita zaidi ya miaka elfu moja tangu piramidi za Giza zijengwe. Kuita gemu Luxor na kujaza piramidi ni kama kutengeneza gemu iitwayo Zanzibar yenye theluji ya Kilimanjaro kila ukurasa. Mgeni hataona tatizo. Mwenyeji atacheka kidogo, kisha ataacha kucheka.

Utasema hayo ni malalamiko ya mtu wa vitabu, gololi ni gololi. Sawa. Lakini tazama hadithi. Tunaambiwa mungu wa kike Isis amekuita umsaidie dhidi ya Set na vibaraka wake. Set ndiye shetani wa gemu. Ni kweli kwamba katika masimulizi ya Wamisri Set alimuua Osiris, nduguye, mume wa Isis. Lakini Wamisri haohao walisimulia kwamba kila usiku jua linaposafiri kwa mashua chini ya dunia, nyoka mkubwa Apophis analivamia, na Set ndiye anayesimama mbele ya mashua na mkuki kumzuia. Muuaji ndiye mlinzi wa zamu ya usiku. Kulikuwa na wafalme walioitwa Seti, yaani mtu wa Set, na Seti wa Kwanza, baba wa Ramesses wa Pili, amezikwa wapi? Palepale, Bonde la Wafalme, Luxor! Gemu imebeba jina la mji na kumfanya adui yule ambaye mfalme aliyezikwa mjini hapo alijiita kwa jina lake.

Halafu kuna mdudu. Huyu ananiuma zaidi, kwa sababu ndiye kitu pekee cha Misri ambacho kinafanya kazi ndani ya gemu badala ya kuning'inia ukutani. Wamisri walimwona mbawakawa anayeviringisha tonge la kinyesi, wakaona mfano wa jua linaloviringishwa angani. Mungu wa jua la asubuhi, Khepri, alichorwa kama mdudu huyo au mtu mwenye kichwa cha mdudu huyo, na jina lake linatoka kwenye neno lenye maana ya kuwa, kutokea. Sanamu zake ndogo zilivaliwa kama hirizi na kuwekwa juu ya maiti. Ni alama ya kuzaliwa upya. Ndani ya Luxor anayesukuma gololi kuelekea maangamizi yako ni yeye, na anayezirusha kuyazuia ni yeye tena, mwenye mabawa. Kungekuwa na wazo hapo: jua likisukumana na jua. Lakini gemu haionekani kujua kwamba imeweka alama moja pande zote mbili za vita.

Na mdudu wa kweli ana mambo kuliko wa skrini. Anasukuma kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, akienda kinyumenyume. Tena hapendi mikunjo. Akishachonga tonge lake anataka kuondoka kwenye lundo kwa mstari ulionyooka, kwa sababu pale kwenye lundo kuna wenzake wavivu ambao ni rahisi kwao kupora tonge kuliko kulitengeneza. Akizungukazunguka anarudi kwa wezi. Mwaka 2013 kundi la watafiti waliofanya kazi Afrika Kusini na mbawakawa wa usiku aitwaye Scarabaeus satyrus lilionyesha kwamba usiku usio na mwezi anashika mstari wake kwa kutazama Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga. Waliwavalisha wadudu vikofia vidogo vya kuwazuia wasione juu, wakapotea njia. Wakawapeleka kwenye jumba la kuonyeshea nyota Johannesburg, wakawasha ukanda huo peke yake, wakanyooka. Jamani, mdudu wa mavi anasoma galaksi! Na tumempa kazi ya kusukuma gololi kwenye utumbo.

Sasa ngoja nikuonyeshe nafasi kubwa zaidi iliyopotea. Wamisri wa kale walikuwa na mchezo unaoitwa Mehen. Ubao wake ni wa duara, umechongwa kama nyoka aliyejikunja, kichwa katikati na mkia nje, na mwili wake umekatwa vyumba vyumba. Ulichezwa kwa vipande vyenye umbo la simba na kwa gololi ndogo. Kwenye kaburi la Hesy-Ra, ofisa wa nasaba ya tatu, huko Saqqara, umechorwa ukutani pamoja na vifaa vyake. Ni zaidi ya miaka 4,500 iliyopita. Ukaja kuachwa, na kanuni zake zimepotea. Mehen pia ni jina la nyoka mwema anayejizungusha kumlinda mungu wa jua safarini usiku, mashua ileile ambayo Set anailinda.

Unaelewa tulichokosa? Gololi. Njia iliyojikunja kama nyoka. Katikati yake mahali pa kufikia. Misri ya kweli ilikuwa tayari na mchezo ambao ukiutazama kwa mbali ungedhani ni babu wa Luxor. Si babu yake, nasaba hiyo inarudi Japani ya 1998 kama nilivyosema. Lakini mtu aliyetaka Misri kwa dhati angeukuta ndani ya jioni moja ya kusoma, na ule mnyororo ungekuwa na jina, na mkunjo ungekuwa na sababu. Badala yake tumepewa mchanga, nguzo, na muziki wa filamu ya majambazi wa jangwani.

Nirudi kwenye rangi, maana nilikuahidi.

Kwa Mmisri wa kale rangi haikuwa pambo. Nchi yake aliiita Kemet, ya nyeusi, kwa sababu ya udongo ambao mafuriko ya Nile yaliuacha kila mwaka. Jangwa lilikuwa Deshret, la nyekundu. Nyeusi ni rutuba na uhai unaorudi, ndiyo maana Osiris, mfu aliyefufuka, anachorwa mweusi au wa kijani. Nyekundu ni ya Set. Bluu waliitaka kiasi kwamba waliitengeneza wenyewe: mchanga, chokaa, shaba na kiasi cha magadi, vikachomwa kwenye nyuzi joto za 850 hadi 1,000 hivi, ikatoka rangi ambayo leo tunaiita bluu ya Misri, kati ya rangi za kwanza kabisa zilizotengenezwa na binadamu. Ina tabia ya ajabu. Ukiimulika kwa mwanga unaoonekana, hasa mwekundu, inarudisha mwanga wa infraredi ambao macho hayauoni ila kamera maalumu inauona. Wahifadhi wa makumbusho wanaitumia tabia hiyo kutafuta chembe za bluu kwenye sanamu ambazo kwetu zinaonekana nyeupe tupu.

Fikiria gemu ambayo gololi nyeusi inastawisha za jirani na nyekundu inazikausha. Ndani ya Luxor nyekundu ni nyekundu kwa sababu tu si bluu. Ni lebo. Na hapo hoja yangu inaacha kuwa ya vitabu, kwa sababu kitu kikiwa lebo tupu, kila kitu kinategemea kwamba wewe unaweza kuisoma.

Mdogo wangu alikuwa mwepesi kuliko mimi. Kwenye mpira wa miguu, kwenye kete, kwenye kukimbia kutumwa dukani, kote alinishinda. Kwenye Luxor alinishinda hatua za mwanzo, zenye rangi chache. Kisha rangi zikaongezeka, akaanza kufanya makosa ya kijinga. Anarusha kijani kwenye nyekundu. Anaacha tatu zilizokaa pamoja, anahangaika na mbili zisizofanana. Mimi, kwa ukarimu wa kaka mkubwa, nikamwita kipofu. Mama akasema anaharakisha. Mwalimu wake alikuwa tayari ameandika kwenye ripoti kwamba mtoto hayuko makini, kwa sababu alipaka ramani rangi zisizofaa. Akaacha kucheza. Alisema gemu ni ya watoto. Alikuwa na miaka tisa.

Aliyegundua ni mjomba, na aligundua kwa sababu lilikuwa lake pia. Alikaa nyuma yetu siku moja, akatazama skrini kidogo, akauliza taratibu, "Hivi hizo mbili zina tofauti gani?" Akimaanisha ya kijani na nyekundu iliyofifia. Mimi nikacheka nikidhani ni utani. Mdogo wangu hakucheka. Alimgeukia mjomba kama mtu aliyesikia lugha yake ikisemwa ugenini. Huyu ni mjomba ambaye mama alikuwa hamtumi nyanya sokoni, maana analeta mbichi. Tulidhani ni uzembe wa wanaume.

Hivi ndivyo inavyofanya kazi. Nyuma ya jicho, kwenye retina, una seli ziitwazo koni za aina tatu, na kila aina inashtuka zaidi kwa urefu fulani wa mawimbi ya mwanga. Ubongo unalinganisha ripoti za aina hizo tatu na kukupa rangi. Jeni za aina mbili kati ya hizo, zile zinazohusika na kutofautisha nyekundu na kijani, ziko jirani kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na kasoro ya pili kwa kawaida inatosha. Mwanamume anayo moja tu, na ameipata kwa mama. Ndiyo maana jambo hili linapenda kufuata njia ya mjomba na mpwa: mama anaibeba bila kuionyesha, kaka yake anayo, mwanawe anayo. Kati ya watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ni karibu mwanamume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200. Kwa jamii nyingine, zikiwemo za Afrika, viwango vilivyopimwa huwa chini ya hapo, lakini darasa lenye wavulana wengi lina nafasi nzuri ya kuwa naye mmoja, ameketi, anaitwa asiye makini.

Kipimo kinachojulikana zaidi kilitolewa mwaka 1917 na daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara. Ni ukurasa uliojaa vidoti vya rangi na ukubwa tofauti, na kati yake kuna namba ambayo mwenye upofu wa rangi haioni, au anaona nyingine. Ukikitazama kwa jicho la mchezaji utashtuka: vidoti vya duara, rangi zilizokaribiana, tafuta kinachofanana. Kwa sisi, gemu ya gololi ilifanya kazi ambayo shule haikuifanya, na iliifanya bila kukusudia. Siilaumu kwa hilo, kosa la kumwita kipofu lilikuwa langu na kwa kweli ndivyo lilivyo hadi leo.

Ninachokikosoa kama mhakiki ni uamuzi wa aina nzima hii ya gemu, kuanzia ya 1998, kuweka habari yote kwenye mfereji mmoja. Dawa ni rahisi kiasi cha kuudhi. Weka alama juu ya kila gololi. Gemu nyingine za kulinganisha zilitumia maumbo tangu mwanzo, vito vya Bejeweled vya rangi tofauti vina umbo tofauti pia, na baadaye watengenezaji wengi waliongeza chaguo la watu wasiotofautisha rangi. Na Luxor, kati ya zote, ndiyo iliyokuwa imevaa nguo za taifa lililoandika kwa picha! Ankh, jicho la Horus, bundi, wimbi la maji, mkate, mdudu mwenyewe. Maandishi ya Wamisri yana mamia ya alama zilizochorwa ili zitofautiane hata zikichongwa kwenye jiwe lisilo na rangi. Mtengenezaji alikuwa amekalia jibu. Angeyaweka hayo juu ya gololi kama sehemu ya mchezo wenyewe, si kama chaguo lililofichwa kwenye mipangilio, angepata mambo mawili kwa pigo moja: Misri isiyo kitambaa cha meza, na mtoto wa miaka tisa aliyebaki kwenye kiti.

Kumbuka ile hesabu ya 1 kwa 3 na 1 kwa 6. Kwangu, kila rangi iliyoongezwa ilipunguza bahati. Kwake ilipunguza bahati na pia ikageuza gololi mbili kuwa moja machoni pake, na alitakiwa abahatishe ipi ni ipi kabla hata hajaanza kucheza. Tulikuwa tunacheza gemu mbili tofauti kwenye skrini moja, na mimi nilikuwa najisifu kwa alama zangu.

Juzi alikuja kunitembelea chuoni, sasa ni fundi umeme wa magari, na kabla hujauliza, ndiyo, anazijua nyaya, anazipima kwa mita na kuzifunga karatasi zenye namba. Nikamfungulia Luxor. Akashika kipanya, mimi nikakaa pembeni nikitaja rangi kama mtangazaji wa mpira: kijani, kijani, nyekundu, njano, sogea, sasa! Alikuwa bado mwepesi kuliko mimi. Tulifika mbali. Tulikuja kufa kwenye gololi moja ambayo mimi nilisema ni ya bluu, akakataa, akasema bluu anaijua vizuri na ile ni zambarau, na tukiwa bado tunabishana mnyororo ukaingia kwenye piramidi. Nimeitazama tena picha ya skrini. Ni zambarau.